Kuhamia Uani

Kuna watu wakihama wanahamia mtaa mwingine, na wengine mji mwingine kabisa. Breki alihama kutoka sebuleni kwake hadi uani kwake, na bado alikodi lori.

Jina hilo alipewa na wanafunzi wake. Alikuwa mwalimu wa udereva, na gari la shule lilikuwa na breki ya pili upande wake, ambayo aliikanyaga hata kabla mwanafunzi hajafanya kosa. Barabarani hakuna aliyemshinda kwa tahadhari. Ila mwingize dukani akiwa na kadi ya mkopo mfukoni, na mtu huyo huyo anateremka mlima bila kugusa chochote. Nyumba yenyewe aliinunua kwa mkopo wa benki wa miaka mingi, na hapo hapakuwa na ubaya. Yeye na mkewe mkunga wangeulipa taratibu mpaka uzeeni. Kilichowaponza ni kuijaza. Aliona aibu nyumba mpya ikae na viti vya zamani, akanunua makochi kwa kadi. Makochi yakaifanya televisheni ionekane kituko, akanunua nyingine. Kisha likaja friji la milango miwili linalotengeneza barafu lenyewe, na katika familia ile hapakuwa na hata mmoja anayekunywa maji ya baridi. Kadi haikuwahi kumkunjia uso, naye akadhani wanaelewana.

Malipo ya kadi yalipoanza kula pesa ya nyumba, benki ikaandika barua ya upole, kisha ya ukali, kisha moja fupi sana iliyosema nyumba itapigwa mnada. Breki aliisoma akiwa amekaa kwenye kochi ambalo nalo halikuwa lake.

Mkewe hakupiga kelele. Kazi ya ukunga ilishamzoesha kukuta mambo yameharibika na kuanza hapo hapo. Alisema wapangishe nyumba kubwa, kodi iende benki moja kwa moja, wao na watoto wahamie vile vyumba viwili vya uani, na mishahara yao ilishe familia na kuilipa kadi kidogo kidogo. Breki alibisha, akanuna, akakataa chakula, akakila baadaye kimepoa. Mwisho alikubali kwa sharti moja tu, kwamba watu wasijue.

Ndiyo maana ya lori. Kwa toroli wangemaliza kuhama kabla ya chakula cha mchana, lakini majirani wangeona. Basi vyombo vikapakiwa mbele ya mtaa mzima, Breki akapunga mkono na kutangaza kwamba wanahamia pazuri zaidi, na lori likaondoka. Likazunguka sokoni, likapita stendi, likarudi kwa njia ya nyuma na kushusha kila kitu kwenye geti la uani. Dereva alimuuliza mara mbili kama yuko salama kichwani. Nauli ilitoka kwenye kadi. Jioni ile ile majirani walikuwa wanajua kila kitu, ila walimhurumia, wakajitia hamnazo.

Makochi yaligoma kupita mlangoni. Walijaribu kuyaingiza kwa ubavu, kwa kichwa na kwa matusi, na ikabidi yarudishwe nyumba kubwa, kwa hiyo Breki akawa analipia kila mwezi makochi ya kukaliwa na mtu mwingine. Televisheni iliziba dirisha lote la chumba cha watoto. Friji lililala nao chumbani, likinguruma kama mgeni mnene aliyepewa kitanda kizuri.

Mpangaji aliletwa na dalali. Alikuwa mama mmoja mkaguzi wa hesabu, mtu ambaye kazi yake ni kugundua yaliyofichwa. Breki hakutaka kuonana naye. Mkataba ulipita mkononi mwa dalali, na mama yule akapewa namba ya simu ya mwenye nyumba pamoja na maelezo kwamba ni mtu mwenye shughuli nyingi.

Jioni ya kwanza alipiga honi getini. Breki alikuwa amevaa shati lililochanika kwapani, anamwagilia maua kwa mpira, akakimbia kufungua kwa sababu geti ni lake na anajua linavyokwama.

"Asante, mzee," mama akasema kupitia dirisha la gari. "Wewe ndiye mlinzi?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Breki alifungua kinywa, akajiona mwenye nyumba aliyejibanza nyuma ya nyumba yake, na jibu lililotoka likawa, "Ndiyo, mama."

Basi akawa mlinzi. Asubuhi alifungua geti kabla ya kwenda kufundisha, jioni akalifungua tena, Jumamosi akaosha gari. Mama alipokuwa na malalamiko ya bomba au paa alimpigia mwenye nyumba, naye Breki alijifungia chumbani karibu na friji, akashusha sauti mpaka tumboni na kuahidi kutuma fundi. Kisha akabadilisha shati, akachukua spana, akatoka nje akiwa fundi pia. Mkewe aliyaona yote hayo na kuuma midomo asicheke, maana kodi ilikuwa inaingia na benki ilikuwa imenyamaza.

Mambo yalienda mrama siku mama alipopiga simu akiwa amekasirika. Alisema mlinzi analala usiku kucha. Amemchungulia mara kadhaa dirishani na kumkuta anakoroma. Tena amejaza mke na watoto uani, na mchana haonekani kabisa. Yeye halipi kodi kubwa namna ile ili kulindwa na mtu aliyelala. Atolewe pamoja na familia yake mwisho wa mwezi, la sivyo yeye anahama.

Breki alikaa kitandani. Mpangaji akiondoka, benki inarudi na nyumba inakwenda. Angeweza kusema ukweli kwa maneno machache tu. Lakini aliona aibu, na badala ya kujitaja akaanza kumtetea mlinzi.

"Mama, yule mtu ana kazi mbili," alisema. "Mchana kutwa yuko kazini mjini, akirudi anakufungulia geti. Alikuwa na maisha yake mazuri, akayaharibu mwenyewe kwa ujinga, na sasa anayajenga upya kimya kimya. Hajaiba cha mtu. Hajawakimbia watoto wake. Ukimtoa hapo hana pengine pa kwenda."

Katikati ya maneno hayo alisahau kushusha sauti, na machozi yakamlengalenga. Tangu azaliwe hakuwahi kusikia mtu akimsifu hivyo.

 Mama akauliza mlinzi analipwa kiasi gani. Breki hakuwa na jibu, kwa kuwa jibu lilikuwa sifuri. Mkaguzi aliuelewa ukimya ule kwa namna yake. Akasema kwa ubaridi kwamba mlinzi atabaki, lakini kuanzia mwezi huo atamkatia mshahara kwenye kodi na kumpa mwenyewe mkononi, kwa sababu mtu anayemsifu mfanyakazi hivyo na hamlipi si wa kuaminiwa na pesa.

Breki alipokata simu alimkuta mkewe mlangoni, bado na sare ya zahanati. Alikuwa amesikia.

"Hayo ya mlinzi umeyatunga?" akauliza.

"Hapana."

"Basi huyo mlinzi namtaka, baba watoto. Mwenye nyumba ndiye aliyenichosha." Akakaa kando yake. "Ila hizo pesa sasa zinapita mkononi mwako kwanza. Zitafika benki?"

Breki hakuapa. Alishaapa sana katika ndoa ile. Mwezi ukasogea, na kila alipopita mbele ya maduka baada ya kazi alivuka barabara, akatembea upande wa karakana, ambako hapakuwa na kitu cha kumtamanisha isipokuwa matairi. Usiku hakulala vizuri, na mama yule alipochungulia dirishani alimkuta macho, akaridhika.

Mwisho wa mwezi mama alimwita barazani. Alikuwa amekaa kwenye lile kochi kubwa, lililosogezwa karibu na mlango apate upepo. Akampa bahasha nene na kumwambia asimwonyeshe mtu.

"Nikwambie kitu, mzee," akasema. "Bosi wako anakupenda. Nilimsikia mwenyewe. Lakini ni mtu wa hovyo yule."

"Ni wa hovyo kweli, mama," Breki akajibu. "Ndiyo maana sibanduki hapa. Namlinda yeye kuliko nyumba."

Akazunguka uani na bahasha bila kuifungua. Mkewe alikuwa anamngoja mlangoni, ameshavaa viatu vya kwendea benki.