Jino, Karafuu na Pilau la Harusi

Jamani, nimejichosha mwenyewe! Nafundisha kemia Msambweni, na mdomo wangu haujui kutulia. Juzi, kwenye harusi ya mpwa wangu huko Munje, jino liliniuma. Nikatafuna karafuu tatu huku nikiwasomesha wapishi, bila kuulizwa, kwamba mafuta ya karafuu hutia ganzi mdomo. Kisha nikaonja pilau lao. Halina chumvi! Nikatia kikombe kizima. Nikaonja tena, bado. Nikatia cha pili, nikiwafokea kwa uzembe wao.

Wageni walikula tonge moja tu, wakaomba maji. Bi Mwanasha, mpishi mkuu, akaja akasimama mbele yangu, wakwe wakisikia.

"Mwalimu, samahani. Ile ganzi uliyotusomesha, wakati unaonja ilikuwa imeshakutoka?"