Bundi Aliyefichwa Mgeni

Watu wa Busi ni waungwana mno, na uungwana huo nusura uharibu kazi ya mtu. Mwaka 1993 habari zilipofika kwamba mwalimu wa chuo kikuu anakuja kuchimba mabaki ya watu wa kale chini ya mwamba ulio juu ya kijiji, mwenyekiti Noeli aliwatuma wanawake wanne wakapasafishe, maana mgeni hapokewi kwenye uchafu. Mwantum alikuwa mmoja wao. Walimkuta bundi amejibanza kwenye ufa wa mwamba, na chini yake matonge makavu ya manyoya na vifupa aliyoyatapika, mengine makubwa kama kidole gumba. Wakamfurusha kwa mawe, wakafagia matonge yote na kuyamwaga korongoni, kisha wakaafikiana kwamba mgeni asiambiwe. Kumwambia mtu kuwa mahali pake pa kazi pana bundi ni kumtakia mabaya, na nani amtakie mgeni mabaya?

Mwantum alikuwa na sababu nyingine ya kunyamaza. Miaka minne nyuma mumewe, Mustapha, aliugua, na wawili hao wakakaa Dodoma miezi mitatu, wakilala kwa ndugu pale Makole na kushinda hospitali. Siku waliyorudi Busi, bundi alikuwa juu ya paa lao. Wiki haikuisha, Mustapha akafariki. Mama mkwe wake, Bi Shamila, alisema mbele ya msiba kwamba bundi hamfuati mtu bure. Baada ya arobaini Mwantum akarudi kwa kaka yake akiwa na sanduku moja na jina jipya: yule wa bundi. Tangu siku hiyo neno bundi halikutoka kinywani mwake, na Bi Shamila hakumsemesha tena.

Mgeni njoo mwenyeji apone. Mwalimu Antonia alikuja na kazi kwa watu kumi na wawili, na Mwantum akapewa chekeche. Udongo ulitoka shimoni kwa ndoo, yeye akauchekecha na kuokota kilichobaki: vigae, shanga za ganda la yai la mbuni, vipande vya mawe yaliyochongwa. Aliona jino dogo kuliko punje ya ulezi na kuliokota bila kulipapasa mara mbili. Siku moja Antonia alimwambia kwamba macho yake yanakishinda kioo chake cha kukuzia. Mwantum alitembea na maneno hayo hadi nyumbani, akayarudia peke yake akipika.

Kwenye tabaka moja la udongo vilitoka vifupa vya panya kwa maelfu. Antonia aliwakusanya wafanyakazi, akauliza kama kuna ndege au mnyama yeyote anayeishi hapo mwambani. Noeli akasema hakuna, kwa uso wa mtu aliyemaliza kusali. Wote wakaitikia hakuna, na Mwantum pia. Basi mwalimu akaanza kuandika kwamba watu wa kale wa mahali hapo walikula panya kwa wingi, pengine kwa sababu ya njaa. Alilisema hilo wakati wa chakula, mbele ya ugali na mlenda. Vijana walicheka, wazee walinuna, kwa kuwa hao waliokuwa wakitajwa ni mababu zao.

Wiki moja kabla mwalimu hajaondoka, chekeche lilimwonyesha Mwantum utaya mwembamba wenye meno makali kama ncha za sindano, na fuvu lake kando. Aliutambua. Ni yule mnyama mdogo kama panya, mwenye mdomo mrefu na harufu mbaya, ambaye paka wa kaka yake humuua, humnusa, kisha humwacha mlangoni na kwenda zake. Ni mtu gani angekula kitu ambacho hata paka amekikataa? Na fuvu lake lilikuwa zima, halikuungua wala kupasuliwa. Mwantum alijua jibu kabla hajamaliza kujiuliza.

Siku tatu alikosa raha. Aliogopa, tusimpambe. Akilitaja lile neno, Busi yote ingesema huyo kamleta tena, na jina lililoanza kusahaulika lingekuwa jipya. Asipolitaja, mtu pekee aliyeyaamini macho yake angeondoka Ijumaa na uongo ndani ya daftari, na uongo huo yeye aliuitikia. Mficha uchi hazai. Siku ya nne wenzake walipoteremka kwenda kula, yeye alibaki.

"Mwalimu, panya hawa hawakuliwa na watu," alisema. "Ni bundi. Alikuwa pale juu. Tulimfukuza kabla hujaja, na mimi nilikuwemo."

Antonia aliweka brashi chini. "Niliwauliza."

"Uliuliza, tukakudanganya."

"Kwa nini, Bi Mwantum?"

"Tulikuwa tunakutunza."

Mwalimu alikasirika, na hakuficha. Alikwenda akasimama ukingoni mwa mwamba, akalipa mgongo shimo, na Mwantum pia. Aliporudi aliuliza yale matonge yalimwagwa wapi. Korongoni, Mwantum alimwambia, lakini ng'ombe wanapita pale kila siku kwenda kunywa, yamekwisha kuwa vumbi. Na bundi mwenyewe? Kijiji kizima kilijua alikohamia. Alikuwa ndani ya ghala la ushirika, ambalo lilikuwa tupu tangu biashara iachiwe huru na walanguzi wa jana wakaitwa wafanyabiashara, wakawa wananunua alizeti mlangoni kwa mkulima. Ghalani kulibaki ndoano ya mizani, magunia yaliyooza, na panya.

Antonia alitaka mtu wa kupanda darini. Wanaume kumi wenye misuli wakatazama vidole vya miguu yao. Mwantum akajifunga khanga vizuri kiunoni, akapanda ngazi saa saba mchana, Busi yote ikitazama. Bundi alimgeuzia kichwa, akamwona hana jambo, akafumba macho. Mwantum aliteremka na nusu ndoo ya matonge, na aliteremka polepole, ili kila mwenye jicho aone.

Waliyaloweka ndani ya sufuria ya kambi, ambayo mpishi hakuipokea tena. Manyoya yakalegea, wakapata mafuvu mazima, taya, miguu myembamba, na yule mwenye mdomo mrefu pia. Wakavipanga karibu na vile vya shimoni, na mtu asingejua kipi cha jana na kipi cha miaka elfu. Ndipo Antonia akafungua daftari lake la matabaka upya, akasoma ukurasa baada ya ukurasa. Palipokuwa na majivu, vigae na shanga, vifupa vya panya vilikuwa haba. Palipojaa vifupa hivyo, hapakuwa na majivu.

"Watu walipokuwa wanakaa hapa, bundi hakuwepo," alisema. "Walipohama, ndipo alipokuja. Huyu bundi ananihesabia miaka ambayo mwamba ulikuwa hauna watu. Hiki ni bora kuliko nilichokuwa nacho."

Mwantum alimwomba arudie. Kwanza watu waliondoka, kisha bundi akaja? Ndiyo, mwalimu alisema, mahali pakinyamaza panya huzidi, naye hufuata panya. Mwantum aliuliza mara ya tatu, halafu akakaa juu ya jiwe akalia, na kilio hicho kilikuwa kizuri.

Alhamisi Antonia aliaga wanakijiji kwenye uwanja wa shule. Wazee wengi walikisikia Kirangi vizuri kuliko Kiswahili chake cha chuoni, kwa hiyo alimwomba Mwantum aeleze. Mwantum alisimama akaeleza yote, matonge, majivu na mababu waliosingiziwa panya, na neno bundi alilitamka mara nyingi kiasi kwamba likawa neno kama mengine. Wazee wakanyanyua vichwa, na Noeli akawa mtu wa kwanza kusema kwamba yeye alishuku tangu mwanzo.

Bi Shamila alikuwa amekaa mbele. Alinyoosha mkono kama mtoto wa darasani.

"Nyumba yenu nayo ilinyamaza," alisema. "Mlipokuwa Dodoma."

"Ndiyo, mama. Miezi mitatu."

"Na hao panya, walifuata nini kwenye nyumba isiyo na watu?"

Jibu Mwantum alikuwa nalo tangu siku ya ile sufuria, na alikuwa ameapa kutolitoa. Aliinamisha macho. Bibi kizee hakungoja zaidi.

"Mtama uliokuwa ndani niliuweka mimi," alisema. "Magunia manne. Niliona nyumba isikae bure."

Neno moja tu la Mwantum lingetosha kulipiza miaka yote minne, na hakuna aliyekuwa pale ambaye angemlaumu. Alimwendea mama mkwe wake, akapiga goti.

"Mtama huo ndio uliowalisha waombolezaji, mama," alisema. "Arobaini nzima hatukuomba hata kibaba kwa jirani. Shikamoo."

Bi Shamila alihangaika na pindo la khanga yake machoni.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Keshokutwa tunapura mtama. Njoo nyumbani."