Chupa Mlangoni pa Baba Mkwe

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa karani wa zahanati ya daktari mmoja pale sokoni Birongo, Kisii. Kazi yangu ilikuwa kuita wagonjwa na kuwapa dawa ambazo daktari ameshaandika. Kuandika dawa, hata ya kuongeza tu, sikuruhusiwa. Watu hawakuamini. Kwao, aliyekaa karibu na kabati ndiye mganga. Mimi nilitoka upande wa Kakamega, nimezaliwa mbishi, na hapakukosekana mtu wa kugombana naye.

Asubuhi moja akaja mama kijana na chupa tupu ya soda iliyozibwa kwa gunzi. Alitaka dawa ya kikohozi ya baba mkwe wake, ile nzito, tamu, yenye kulevya. Jina la mzee hakulitaja. Mke wa mwana hathubutu.

"Karani, huyo wa nyumba ile ingine atakufa na kukohoa. Jaza tu."

"Daktari yuko Kisii mjini, anarudi mchana. Hii dawa imeisha lini?"

"Jana ilikuwa nusu. Leo nimepata chupa tupu."

"Umemwona akiinywa?"

Akanitazama kama niliyemtukana. Kwa mila yao mke wa mwana haingii nyumba ya baba mkwe, na mama mkwe alikuwa ameshafariki. Kila jioni aliiweka chupa kizingitini, akageuza uso, akaondoka. Kukicha dawa imepungua, na kikohozi kimezidi. Akainama akaninong'oneza kwamba nyumbani wanasema marehemu ndiye anayekuja kuinywa. Walikuwa Wasabato, kanisani kila Jumamosi, lakini alisema hayo akigeuka kutazama nyuma yake.

Nilikataa kujaza. Akaniita mtu asiye na huruma, na neno hilo lilinichoma, maana kikohozi kingeweza kweli kumwua mzee. Lakini sheria ni msumeno. Nikamwambia wamlete mwenyewe.

Mchana shemeji zake wakamleta mzee wamembeba. Yule mama akabaki nje, nyuma ya ukuta, akisikiliza dirishani. Daktari akamuuliza mzee kama dawa imemsaidia.

"Dawa gani?" mzee akasema. "Mimi sijaona chupa."

Kisha daktari akauliza analala na nani kule nyumbani.

"Na mjukuu wangu tu, yule mdogo. Siku hizi analala mpaka jua linakuwa kali. Hata leo nimemwacha kitandani. Nimemwita, hakuitika."

Nje nikasikia chupa ikivunjika, kisha miguu ikikimbia.

Tulipofika na gari la daktari, mama alikuwa ametangulia kwa njia ya mkato. Tulimkuta mbele ya nyumba ya baba mkwe, anamwita mwanawe, mguu umekataa kuvuka kizingiti. Ndani kimya. Mimi si wa ukoo ule, hakuna kilichonizuia, nikataka kumpita. Akanisukuma kando, akaingia mwenyewe.

Alitoka na mtoto begani, kichwa kinaning'inia, anapumua kwa mbali sana. Daktari alihangaika naye pale pale uani. Nilimwomba Mungu siku hiyo kuliko nilivyowahi kumwomba.

Jua lilipokuwa linatua, mtoto akafumbua macho, akamtazama mama yake, na kwa sauti ndogo akaomba apewe tena ile tamu aliyokuwa akimwekea mlangoni.