Mkuu wa Shule Aliyekuja Kupumzika Kawetele

Nilianza kazi hii nikiwa na miaka arobaini na minane, umri ambao watumishi wengine huanza kuwaza kustaafu. Kabla ya hapo nilikuwa nimefundisha shule ya msingi, nikahamishiwa parokia moja ya kusini kufundisha katekisimu, kisha nikasimamia stoo ya dawa katika zahanati. Halafu Mama Mkuu wa shirika letu akanipeleka kusomea uongozi wa kiroho, na nilipomaliza akanipangia nyumba yetu ya Kawetele, nje kidogo ya mji wa Tukuyu. Nyumba hiyo ilipokea masista wamisionari waliofika katikati ya maisha, wenye miaka arobaini hadi hamsini na kitu. Walikuja kukaa miezi mitatu bila kazi yoyote, wasali, walale vizuri, waitazame njia waliyopita. Tulikiita kipindi cha sabato.

Siku ya kwanza nilipokelewa na Mlezi wa Nyumba, sista mrefu, mkimya, aliyevaa makubazi juu ya soksi nene kwa sababu ya baridi ya kwetu. Alinipeleka kwenye chumba kidogo chenye viti viwili.

"Panga viti," akasema.

Nikaviweka vitazamane. Akacheka, akavigeuza vyote kuelekea dirishani.

"Ukimkabili mtu hivyo atadhani yuko polisi. Mwache aangalie migomba. Atasema mengi zaidi."

"Na mimi niseme nini, Sista?"

"Kidogo. Kidogo kuliko unavyofikiri."

Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Mwongozaji si padri, haungamishi mtu. Si mwalimu, hatoi somo. Kila siku sista anakuja kwako nusu saa, anakueleza alichokutana nacho katika sala, nawe unamsikiliza na kumwuliza swali moja au mawili. Ulichoambiwa hakitoki mle chumbani. Wanafunzi wenzangu wengi walishindwa hapo, kwenye kunyamaza. Mimi mwenyewe nilikaribia kushindwa, na ndiyo habari ninayotaka kuwasimulia.

Ilikuwa miaka ya soko huria. Mitumba ilijaa Tukuyu, viwanda vya chai vilikuwa vinapata wamiliki wapya, na shule za binafsi zilifunguliwa kila upande. Masista wengi walinung'unika. Walisema huu si wakati wa kumtoa mkuu wa shule kazini eti akapumzike, maana wazazi watawahamisha watoto wao. Nilikuwepo Mama Mkuu alipowajibu. "Shule ikianguka nitaijenga tena," alisema. "Sista akianguka nitamjenga kwa matofali gani?" Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ndogo, na sijaona kiongozi jasiri kuliko yeye.

Basi mwaka wangu wa pili alikuja Sista Redempta. Alikuwa ameongoza sekondari ya wasichana huku huku nyanda za juu kwa miaka mingi. Shule yake ilisifika kwa nidhamu na kwa kufaulisha. Alishuka garini na begi moja na saa kubwa ya mkononi, akauliza ratiba iko wapi.

Siku ileile, baada ya chakula cha mchana, mpishi wetu Sekela alinivuta pembeni. Sekela alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwenyeji wa Nkunga, asiyependa maneno mengi.

"Sista Aneti, yule mwenye saa kubwa ni nani?"

Nikamtajia jina.

"Ndiye," akasema. "Ndiye aliyenifukuza shule. Nilikuwa kidato cha pili, nina mimba. Binti yangu sasa ana miaka kumi na minne." Alifuta mikono kwenye aproni polepole. "Amekula chakula changu, akaniambia ahsante, wala hanijui."

Nikamwuliza kama anataka likizo mpaka sista huyo aondoke.

"Likizo ya nini? Jiko ni langu. Nimekuambia tu ili mtu mmoja ajue."

Wiki ya tatu tuliingia siku za ukimya. Katika siku hizo tulikuwa na zoezi tunaloliita mto wa maisha: sista anachukua karatasi kubwa na kuchora maisha yake kama mto, wapi maji yalitiririka, wapi yaliporomoka, wapi yalikwama. Sista Redempta alichora mto ulionyooka kama barabara ya lami. Katikati aliweka jiwe jeusi.

"Jiwe hili ni nini?" nikamwuliza.

Alijibu huku akitazama migomba.

"Wasichana niliowarudisha nyumbani kwa sababu ya mimba. Wengine nimesahau majina yao, Mungu anisamehe. Mmoja simsahau. Sekela, wa Nkunga. Hakulia. Alikunja shuka zake vizuri, akaniuliza kama sweta ya shule airudishe. Nikamwambia ndiyo, airudishe." Aligusa jiwe lile kwa kidole. "Ulikuwa mwezi wa saba, Sista. Unaijua baridi ya huku mwezi wa saba. Niliisimamia kanuni mpaka kwenye sweta."

Huyo Sekela alikuwa upande wa pili wa ua, akichambua maharage. Sentensi moja tu kutoka kinywani mwangu ingewakutanisha. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Nusu saa ilipoisha nilikwenda kwa Mlezi, nikamweleza bila kutaja jina la mtu: nina neno la huyu na neno la yule, na wote wako ndani ya ua mmoja.

"Hayo maneno si yako," akanijibu. "Usiyatoe huku ukayapeleka kule. Lakini unaweza kumwuliza kila mwenye neno anataka lifike wapi."

Kesho yake nilimwuliza Sista Redempta angependa kufanya nini na jiwe lile.

"Nimtafute," akasema. "Hata kama atanifukuza."

Kisha nikaenda kwa Sekela. Sikumweleza nilichosikia. Nilimwuliza tu, "Ukikubali, nimwambie Sista Redempta kwamba uko hapa?"

"Umwambie nani nini?" akasema kwa ukali, akanigeuzia mgongo. Siku tatu hakuzungumza nami zaidi ya salamu. Nilijilaumu, nikaamini nimemharibia hata pale alipokuwa na amani yake. Siku ya nne akaniita.

"Mwambie. Lakini aje mwenyewe jikoni. Mimi siendi kwenye chumba chenu."

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, manyunyu yanadondoka. Sista Redempta alisimama mlangoni kama mgeni.

"Hodi."

"Karibu, Sista."

Nikataka kuondoka. Sekela akasema, "Kaa, Sista Aneti." Nikakaa karibu na kuni. Yeye aliendelea kumenya ndizi.

"Sekela," akaanza Sista Redempta, "kanuni haikuwa yangu..." Akatikisa kichwa. "Hapana. Nisianzie hapo. Kanuni ilikuwa ya serikali, lakini sweta niliichukua mimi. Na sikukusindikiza hata getini. Hilo hakuna aliyenikataza."

Kisu cha Sekela kilisimama.

"Nilitembea na mvua," akasema. "Lakini si mvua iliyoniuma, wala si shule. Baba alisema, kama masista wenyewe wamekutoa, basi wewe umeoza. Mpaka leo nampelekea chakula naishia mlangoni. Sijaingia nyumba ile."

"Unataka nifanye nini?"

"Baba yangu yupo hai. Nenda ukamwambie sikuwa nimeoza."

Katika siku za ukimya hakuna anayetoka nje ya ua. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya nyumba ile, na Mlezi aliishika kwa mikono miwili. Sista Redempta alipomwomba ruhusa, nilimwona akisoma uso wake, kisha akaenda mwenyewe kumwambia dereva awashe gari. "Ukimya wake umeshafanya kazi," akaniambia. "Sasa tusiuzuie."

Tulikwenda watatu, Sista Redempta, Sekela na mimi. Gari liliishia njia panda kwa sababu ya tope, tukamalizia kwa miguu kati ya mashamba ya chai. Mzee tulimkuta barazani. Alikuwa mchuma chai wa zamani, vidole vyeusi kwa utomvu ambao hautoki tena. Sekela alisimama uani, mbali. Sista Redempta alipiga magoti kwenye udongo ule uliolowa, kama mabinti wa Kinyakyusa wanavyowasalimu wazee, ingawa yeye hakuwa wa huku.

"Baba, mimi ndiye niliyemrudisha binti yako. Nimekuja kukuambia hakuwa ameoza. Alikuwa mtoto aliyekosea. Mimi nilikuwa mtu mzima, nikamwacha aende peke yake."

Mzee alimtazama sista, akatazama magoti yake yaliyojaa tope, akatazama uani.

"Sekela," akaita. "Unalowa. Ingia ndani."

Akaingia, mzee akamfuata. Sisi wawili tulibaki barazani. Halafu tukasikia sauti ya mzee akilia na kusema, "Ndaga, mwanangu, ndaga," neno la Kinyakyusa la pole na la shukrani, na hapo Sista Redempta akanishika mkono kwa nguvu mpaka ukaniuma.

Kipindi kilipokwisha, Sista Redempta alimwomba Mama Mkuu asimrudishe ofisini. Yalisemwa mengi, kwamba tumemharibu mfanyakazi bora. Mama Mkuu alimpa chumba kimoja nyuma ya parokia, naye Sista akafungua darasa la wasichana waliokatiza masomo kwa sababu ya kuzaa. Walisoma huku watoto wao wamelala kwenye mikeka, na wakafanya mtihani kama watahiniwa wa kujitegemea. Wa kwanza kufaulu leo ni muuguzi. Sekela hakwenda kwenye darasa lile. Alisema yake yamepita. Wala sitawadanganya kwamba wale wawili walikuwa marafiki. Walisalimiana, wakaulizana habari za mzee, basi. Lakini alipofariki mzee, Sista Redempta alikaa matanga siku zote pamoja na wafiwa, akichota maji.

Mimi niliendelea na kazi ile mpaka miguu ilipokataa ngazi. Vijana wananiuliza tulifanya nini hasa miaka yote hiyo, maana hakuna jengo la kuonyesha. Nawaambia tulikaa na watu waliochoka, wanawake waliotoa nguvu zao zote kwa wengine, na sikuona woga kwao walipotakiwa kujitazama. Wengi walikuwa jasiri kuliko mimi niliyewaongoza.

Siku hizi masikio yangu ni mabovu. Wiki iliyopita sista kijana anayenihudumia alikaa kitandani kwangu akaniambia shida yake, akilia. Sikushika hata nusu. Alipomaliza alinishukuru, akasema nimemsaidia sana. Nikamweleza ukweli kwamba sikusikia. Alicheka huku machozi yakimtoka, akasogea karibu, akaanza upya kwa sauti kubwa.