Babu na Vibuyu vya Mbegu

Nilitaka kuandika kitabu kidogo tu kuhusu chakula cha Ukambani. Nilikuwa nimechoka kuambiwa kwamba sisi ni watu wa muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, na njaa, basi. Nilizunguka Kitui nikiwauliza akina mama walivyokuwa wakitwanga mawele na mtama, nikarudi kwetu Kalamba nikamuuliza mama yangu maswali mpaka akanifukuza jikoni. Ndipo nikaanza safari za Nairobi, kusoma faili za serikali za kabla ya uhuru, mahali ambapo mkoba unauacha mlangoni na kuandika ni kwa penseli peke yake.

Faili hizo zina dharau, jamani! Bwana shauri, mkuu wa wilaya wa Kizungu, anaandika kwamba wanawake wetu ni wavivu, halafu ukurasa unaofuata analalamika kwamba hao hao wavivu wameficha nafaka mahali hawezi kuiona. Nilicheka peke yangu mle ndani mpaka msimamizi akanitazama.

Halafu nikafungua karatasi moja nikaona mwandiko wa babu yangu.

Sikuhitaji kusoma jina. Biblia yake iko kwetu mpaka leo, na pembeni mwa kila ukurasa ameandika kwa herufi hizo hizo zilizolalia kushoto. Babu huyu ni baba yake mama. Alikuwa katika wale wa kwanza kuokoka kwetu, na mmoja wa wachache waliojua kuandika.

Mwaka mmoja wa njaa, mama akiwa msichana mdogo, serikali iligawa unga kwa nyumba zisizo na nafaka. Nyumba ya nyanya ilifutwa kwenye orodha kwa sababu kuna mtu alisema ana vibuyu darini, juu ya moshi wa jiko. Na ni kweli alikuwa navyo. Lakini vilikuwa vya mbegu, na kwetu mbegu si chakula. Mbegu ni za mke, amepewa na mama mkwe wake, na hata mume havifungui vibuyu hivyo. Mtu atalala na njaa chini yake asiviguse, maana mvua ikikukuta huna mbegu, njaa yako haina mwisho. Askari walikuja wakavichukua vyote, na unga wakanyimwa. Mdogo wake mama alikuwa bado ananyonya. Alikufa kabla ya mvua.

Nani alisema? Mama hakuwa na shaka hata kidogo: ni rafiki yake wa kucheza, msichana wa rika lake, aliyetumwa kuomba moto asubuhi moja akamkuta nyanya juu ya ngazi. "Kikulacho ki nguoni mwako," mama hutuambia. Msichana huyo alikuja kuolewa papo hapo, ng'ambo ya korongo, na mama naye ndoa ilipovunjika akarudi kwao na sisi watoto. Basi wakazeeka wakitazamana bila salamu. Kanisani kila mmoja na upande wake. Nikiwa mdogo yule mama alinipa muwa, nikautupa chini mbele yake, na nyumbani nikasifiwa. Juzi juzi mama amewatangazia wajomba kwamba huyo asikanyage matanga yake.

Barua ilikuwa fupi. Babu alimwambia bwana shauri kwamba watu wameulizwa kama wana nafaka, na yeye ameokoka, hawezi kusema uongo: kwake ipo. Akaeleza na mahali ilipo.

Nafaka! Mwanamume wa Kikamba, aliyelelewa chini ya vibuyu kama hivyo, akaiita mbegu nafaka! Na hilo silo lililoniuma zaidi. Nilimkumbuka mzee huyo tukila naye, mama akimlaani mtoto wa watu, yeye anatafuna pole pole, kisha anafumba macho na kutuombea. Uongo wa kusema aliuogopa. Ule wa kunyamaza alikaa nao mpaka tukamzika.

Chini kabisa aliandika kwamba barua inaletwa na binti yake mkubwa. Binti yake mkubwa ni mama yangu.

Nilinakili kila kitu kwa penseli. Ndani ya basi nikaamua: mama lazima ajue kwamba rafiki yake hana kosa, kabla mmoja wao hajafa. Lakini mstari ule wa mwisho nitauruka. Wa nini?

Nilimkuta uani anachambua ndengu. Nikasoma pole pole, nikaishia pale nilipopanga.

"Kwa hivyo si yeye," mama alisema.

"Si yeye, mama. Hakusema kitu."

Alitazama ng'ambo ya korongo. Akasema ataenda kesho yake, na mimi nimshike mkono pale penye mawe. Nikashusha pumzi. Nilidhani yameisha.

Akarudia ndengu zake, akatoa jiwe moja, akabaki nalo mkononi.

"Baba alikuwa amevimba miguu mwaka ule. Hakuweza kufika kwa bwana shauri. Alimtuma nani?"

"Haijaandikwa, mama."

"Mwiitu, binti yangu, hebu niangalie."

Nilimwangalia. Sijawahi kuweza kumdanganya mama yangu, na siku hiyo ndiyo niliyohitaji kuweza. Aliuweka ungo chini.

"Aliniambia ni barua ya kanisa," alisema. "Ya haraka. Nilikimbia njia yote ili ifike mapema."