Seva iliyoishiwa support, na wosia wa Mama Koku wa Kamachumu

Wakuu, salaam kutoka Bukoba.

Haya sikusimuliwa. Niliyafanya kwa mikono yangu, nilichobadilisha ni majina tu. Wanaojua kompyuta mtaliona kosa kabla sijalitaja. Wengine nitawaeleza taratibu.

Naishi Nshambya. Kompyuta nilijifunza mwenyewe, kwa vitabu vya mitumba na kufungua mashine mbovu. Nahudumia ofisi ndogo ndogo za Bukoba na Muleba, na kila mashine ina ukurasa wake kwenye daftari langu.

Ofisi moja iko Kamachumu. Inatoa msaada wa kisheria bure, chini ya Mwalimu Felisia, mama mstaafu. Kazi yao kubwa ni wosia.

Mnaotoka kwetu mnaelewa. Siku ya kumaliza matanga ukoo unamtaja mrithi wa kibanja, yaani nyumba, migomba na kahawa. Mjane mwenye mabinti tupu, asiye na karatasi, anaweza kuondoka na nguo zake tu.

Wazee wetu hawapendi wosia ulale nje ya nyumba. Kwa hiyo ofisi ilikuwa inaskani, inahifadhi kwenye seva, kompyuta kuu ya kutunzia mafaili, na mzee anarudi kwake na karatasi. Mchwa walipokula kabati la mafaili, ni mimi niliyeshauri nakala za karatasi ziachwe kabisa.

Nilisema seva inatosha.

Seva yenyewe kiwanda kilishaacha kuihudumia. Hakuna update, hakuna spea mpya. Sikuona tatizo. Nilipata nyingine ya aina ile ile na umri ule ule, imetupwa stoo Izigo, nikaichinja ili nipate diski za akiba. Mafundi wengi huku tunaishi hivyo.

Dalili ya kwanza ilikuwa backup, yaani nakala ya pili inayowekwa nje ya seva. Diski ya nje ilijaa. Nikaleta mpya, kubwa zaidi, seva ikakataa kuitambua. Ilihitaji update ambayo haitolewi tena. Njia zilikuwepo, hata kunakili kwa laptop yangu. Nikaandika kwenye daftari: "Kufuatilia."

Sikufuatilia.

Baada ya hapo ndipo mume wa Mama Koku, mzee wa hapo hapo Kamachumu mwenye mabinti tupu, alipoleta wosia, akimwachia mkewe kibanja chote. Miezi michache mbele akafariki. Mama Koku aliporudi na mwili kutoka hospitali, sanduku la nguo lilikuwa limefunguliwa na karatasi haimo. Sisemi nani. Shahidi mmoja wa wosia alishatangulia mbele ya haki, wa pili kiharusi kimemwondolea kauli.

Ikabaki nakala ya kwenye seva.

Siku mbili kabla ya kumaliza matanga, Mwalimu akanipigia kwamba seva inalia. Nikaenda. Diski moja kati ya tatu ilikuwa imekufa. Kwa mpangilio ule, ikifa moja, mbili zinabeba na kila kitu bado kinasomeka. Zikifa mbili, umepoteza vyote.

"Fundi, niprintie kwanza wosia wa Mama Koku."

"Ngoja Mwalimu, nichomeke diski nyingine kwanza. Nikimaliza utaprint mpaka karatasi zikuishie."

"Haya. Wewe ndiye daktari wake."

Utaratibu wangu ulikuwa huo: tengeneza kwanza, tumia baadaye. Nikachomeka diski ya Izigo. Seva ikaanza kuijaza, kazi inayolazimisha diski zilizobaki zisomwe mwanzo hadi mwisho, saa nyingi mfululizo. Na zilizobaki zilikuwa zimechoka sawa na ile iliyokufa.

Katikati ya kazi, ya pili ikaanza kugonga. Tk, tk, tk. Kisha kimya.

Nilizituma Dar kwa wataalamu. Jibu lilikuja baadaye: uso wa diski umekwaruzika, hakuna cha kuokoa. Lakini matanga hayakusubiri jibu. Nilikwenda na Mwalimu tukaeleza mbele ya ukoo.

Shemeji yake Mama Koku akalitazama begi langu la vifaa, akaniuliza kwa upole kabisa:

"Fundi, huo wosia umo kwenye hilo begi?"

"Hapana, mzee. Ulikuwa kwenye seva."

"Na seva iko wapi?"

"Imekufa."

"Basi pole kwa msiba. Nayo tutaikalia matanga."

Watu wakacheka. Mrithi akatajwa: mtoto wa shemeji huyo huyo.

Mama Koku alinifuata nilipokuwa nawasha pikipiki.

"Mwanangu, hiyo mashine iliugua ghafla?"

"Hapana, Mama. Ni ya siku nyingi."

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Waitu, jamani, mbona hamkutuambia? Mume wangu angeandika mbili."

Leo Mama Koku anaishi kwa binti yake, na shauri alilofungua halina karatasi ya kusimamia.

Wakuu, mashine kuukuu si dhambi, wengi hatuna nyingine. Lakini spea iliyochoka sawa na mgonjwa si spea. Na kama data bado inasomeka, inakili kabla hujagusa bisibisi. Hayo ni ya mafundi.

Langu ni zito zaidi. Hatari niliiandika kwenye daftari langu peke yangu, na waliokuwa wanaitegemea seva ile hawakuijua.

Mwenye mashine ya namna hii, nenda leo ukawaambie wenye data, kwa lugha nyepesi, kwamba inaweza kufa na vyao. Halafu rudi uandike hapa walikujibu nini. Na wenye lawama andikeni, nitasoma zote.