Spika Mbili na Benchi la Mwisho

Miaka michache iliyopita, mama akiwa bado hai, spika ya kanisa letu kule kijijini Ruanda iliungua. Kaka yangu akaenda Tunduma, mpakani, akarudi na mbili za kujaribu. Muuzaji alikuwa jamaa yetu wa upande wa Zambia, akakubali turudishe moja. Kubwa ilikuwa na taa za rangi. Ndogo ilikuwa nyeusi tu. Mwalimu wa kwaya akaipenda kubwa hata kabla haijawashwa.

“Tuzipime kwanza,” nikasema. Nilikuwa nafundisha hesabu sekondari, na kwenye simu nilikuwa na programu ya kupima ukubwa wa sauti.

Jumamosi mchana tukapiga wimbo uleule kwa spika zote mbili. Kubwa ikashinda. Tukarudia, lori la kahawa likapita nje, ndogo ikashinda. Mwalimu akacheka.

“Dada, simu yako inafuata upepo!”

“Ndiyo maana kipimo kimoja hakitoshi, Mwalimu. Tunapima mara nyingi, tunatafuta wastani.”

Tukazunguka benchi hadi benchi, wanakwaya wakinifuata kwa utani, harufu ya mvua ikiingia madirishani. Jinsi ninavyoikumbuka harufu ile! Mwishowe wastani wa spika hizo ukawa karibu sawa.

“Basi, tuchukue yenye taa,” mwalimu akasema.

Nilikuwa karibu kukubali. Lakini mama alikuwa amekaa benchi la mwisho, mahali pake pa siku zote, akichambua maharage kwenye ungo. Masikio yake yalikuwa yamechoka. Nikakumbuka kwamba kubwa ilipoimba, hakuinua hata uso. Ndogo ilipoimba, alitikisa kichwa kufuata wimbo.

Nikarudia vile vipimo, safari hii nikivisoma benchi kwa benchi bila kuvijumlisha. Kubwa ilipiga kelele mbele, ikafifia nyuma. Ndogo ilifika kila mahali karibu kwa nguvu ileile. Nikamwonyesha mwalimu. Akakaa kando ya mama, akaomba zipigwe tena, akasikiliza akiwa amefumba macho.

“Shikamoo, Mama,” akasema alipoyafumbua, kana kwamba ndiyo kwanza amemwona. “Tunachukua ndogo.”

Jumapili mama aliimba nasi, kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kinyiha, akichelewa maneno mawili nyuma ya kwaya. Mwalimu akapunguza mwendo, tukamngoja.